Karai la Udongo Nyumbani kwa Dobi

Nyumbani kwetu udongo haukaribishwi. Mwanangu ni dobi, na mume wake, mkwe wangu, ndiye anayepiga pasi. Kwa hiyo ukija na matope kwenye viatu utaviacha nje, uwe mteja, uwe mjomba. Chumba cha mbele kina kaunta na meza ya pasi. Cha kati ndicho tunacholala mimi na mjukuu wangu, na ukutani mwake zimepigwa rafu za kuwekea mafurushi yaliyokwisha kukunjwa, maana ndicho chumba kikavu kuliko vyote. Cha nyuma ni cha wakubwa, mwanangu na mumewe. Uani ni saruji tupu, toka mlangoni hadi ukuta wa mwisho, na juu yake zimepita kamba za kuanikia. Hata unyasi mmoja hauoti pale. Ukiota, mwanangu anaung'oa kabla haujajua umezaliwa wapi.

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku. Jina hilo alilipata angali mdogo sana, kwa sababu alikuwa akisema tangu asubuhi mpaka usingizi umkute na neno mdomoni. Lakini mama yake, binti yangu mkubwa, alipopata kazi mbali akamleta kwetu, Chiriku alinyamaza. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alikwenda shule, alioga bila kusukumwa. Ila ukimwuliza jambo alitikisa kichwa, na ukimwuliza zaidi alitazama vidole vya miguu yake kama vile jibu limeandikwa huko. Mimi alininong'oneza kidogo usiku, tukishazima taa. Mama yake mdogo, yaani huyu dobi, hakumpa hata neno moja. Mwanangu lilimuuma hilo, ingawa alilificha ndani ya ukali, kama anavyoficha kila kitu.

Ng'ambo ya barabara yuko muuza miche. Mbwa wake alizaa katikati ya vyungu vya maua, na Chiriku kila akitoka shule alikuwa anachuchumaa pale kuwatazama watoto wa mbwa wakigaagaa kwenye udongo. Siku moja akaja akasimama mbele ya kaunta, mkoba ungali mgongoni, wateja wamejaa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama mdogo, namtaka yule mweupe."

Mwanangu alikuwa anakunja taulo. Taulo ikamtoka mkononi. Angesema anataka tembo, siku ile angepata tembo.

Ndivyo alivyoingia kwetu Povu. Jina alimpa mkwe wangu, kwa sababu tulipomwogesha kwenye beseni hatukuweza kutofautisha mbwa ni yupi na povu ni lipi. Na Chiriku akaanza kusema. Si na sisi, na mbwa. Alimsimulia habari za shule, alimweleza nani kamsukuma na nani kamgawia andazi, na mimi nikawa nasikiliza huku nikijifanya nashona vifungo. Neno halitoki kwa kuvutwa. Mtu analiachia mlango wazi, linatoka lenyewe.

Shida ya Povu ilikuwa mkojo.

Mchana hatukuuona. Uani kwa dobi maji yanatiririka kutwa, nani atajua tone lipi ni la nani. Lakini jioni mlango wa uani unafungwa kwa komeo la chuma, zito kama mtoto aliyelala, maana nguo zilizomo ndani si zetu, ni za watu. Komeo hilo bega langu haliliwezi tena, na Chiriku halifikii. Basi Povu alilala ndani, kwenye boksi la sabuni kando ya kitanda chetu. Akilia, mpaka nipapase taa na kutafuta kandambili, yeye amekwisha maliza, anatingisha mkia. Mara chini ya kitanda, mara penye mlango, mara kwenye kiatu. Asubuhi moja mkwe wangu aliingia miguu mitupu kuchukua furushi. Akasimama. Akatazama darini, akatazama chini, akaniambia kwa heshima zote, "Mama, naona kwenu imenyesha."

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja alitwambia mbwa hana ugonjwa wowote. Kibofu chake bado ni kidogo kama zabibu, hakiwezi kungoja. Akasema tumtoe kila akiamka na kila akila, maji tuyaondoe jioni, na usiku kama hatuwezi kumtoa basi tumtandikie kitu mahali pamoja, akikojoa hapo tumsifu, akikojoa pengine tusimpige. Maneno mazuri, na sisi tukayafuata. Ila kila mtu anafuata maneno kwa vitu alivyo navyo. Mwenye magazeti angetandika magazeti. Sisi tuna nguo.

Tena haikuwa nguo chafu. Mwanangu ana sheria yake, kwamba katika nyumba ya dobi hakitandikwi kitu kichafu, hata kama anayetandikiwa ni mbwa. Akatoa foronya nyeupe zilizochanika, zilizokuwa zimebaki pembeni. Kila asubuhi ile iliyolowa ilifuliwa kwa sabuni ileile ya wateja, ikachovywa kwenye maji ya bluu ya kung'arisha weupe, ikaanikwa. Jioni mkwe wangu aliipiga pasi, kwa kuwa alisema moto wa pasi unaua harufu, na mkono wake ulivyozoea, akaikunja mara nne, pembe kwa pembe. Mimi nimelea watoto wengi, wangu na wa wengine, sijapata kuona aliyekojoa kwenye kitu kilichonyooka vile.

Na Povu alielewa upesi. Usiku alitoka kwenye boksi, akaipanda foronya yake, akajisaidia, akarudi. Chiriku alimsifu kwa kunong'ona mpaka akalala katikati ya sifa. Nikasema moyoni, haya, kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kabla wiki haijageuka, furushi la rafu ya chini lilikutwa limelowa. Tukadhani amekosea. Likafuatia jingine. Tukapandisha mafurushi rafu za juu, akahamia kwenye kapu la nguo zilizopigwa pasi, lililo chini ya meza. Tulipomwondolea maji mapema mkojo ulipungua, lakini ulikuwa palepale. Tulipompeleka uani jioni, kabla ya komeo, alisimama kwenye saruji akitutazama kwa adabu, kama mgeni anayengoja kuonyeshwa choo, kisha akarudi ndani akatafuta kapu.

Mwanangu akawa anafua mara mbili kila kilichoguswa. Aliongeza sabuni, aliongeza bluu. Na kadiri tulivyozidi kufua, ndivyo naye alivyozidi.

Pale kona ipo nyumba ya wageni, na mwenyewe sisi tunamwita Bwana Mashuka, kwa sababu hatujawahi kumwona bila mzigo wa mashuka begani. Yeye ndiye mteja aliyetuweka mjini. Ni mtu mpole. Alikuja siku moja na shuka moja tu, amelishika kwa vidole viwili, akalilaza juu ya kaunta. Akasema linanuka, na mgeni wake alimwuliza usiku kama aliyelala pale kabla yake aliondoka kwa hiari yake. Hakugomba. Alisema ataleta mzigo kama kawaida, na siku ya kuuchukua atanusa mwenyewe. Kisha akatuaga vizuri, na upole wake huo ukatuchoma kuliko tusi.

Alipotoka, mwanangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amechoka, macho yamekuwa mekundu kwa sabuni na kwa kukesha. Akanieleza taratibu kwamba muuza miche ana binamu yake mwenye shamba mbali huko, anayekuja na lori siku ya soko kuchukua miche, naye anatafuta mbwa. Kikilowa kitu kingine chochote cha mteja kabla ya siku hiyo, Povu atapanda lori.

"Si kwamba sina huruma, mama," aliniambia. "Lakini dobi akinuka, amebaki na nini?"

Alisema kweli. Nilipogeuka nilimwona Chiriku amesimama mlangoni, amembeba Povu kifuani. Alikuwa amesikia yote. Akatazama vidole vyake vya miguu. Usiku ule hakuninong'oneza, na Povu naye hakusimuliwa kitu. Hapo ndipo niliogopa. Mbwa akienda, atakwenda na mdomo wa mtoto.

Siku zilizofuata mwanangu alinitania, lakini utani wenye mwiba ndani.

"Wewe si ndiye uliyetukausha sisi sote vitandani? Huyu mmoja mwenye mkia ndiye amekushinda?"

"Wewe hasa," nikamjibu, "ulikauka umeshaanza shule."

Mkwe wangu aliinama juu ya pasi, akajifukiza mvuke ili asionekane anacheka.

Kisha ikaja mvua. Mvua kwa dobi ni msiba mdogo: nguo zimejaa kwenye kamba za ndani, chumba kizima kinanuka unyevu, na hakuna kinachokauka. Foronya za Povu nazo hazikukauka. Kwa hiyo nilimtandikia gunia tupu, kavu, nikamwonyesha. Akalinusa, akanitazama, akaenda zake kulala.

Usiku nilisikia kucha zake sakafuni. Sikumkemea. Niliwasha taa ndogo nikamfuata kwa macho, kwa kuwa nilitaka kujua anatafuta nini hasa. Akalifikia gunia, akalipita. Akapita kitambaa cha kufutia miguu. Akapita gauni langu lililodondoka kutoka kitini, na soksi ya Chiriku, vyote ni nguo, vyote viko chini, vyote vingemfaa kama alitaka nguo tu. Alikuwa anakwenda ameinua pua, bila haraka, kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa. Chini ya rafu ilikuwa imeanguka foronya moja ya Bwana Mashuka, nyeupe, imekunjwa mara nne, pembe kwa pembe. Povu akaifikia, akaizunguka, akapanda katikati, akachuchumaa vizuri, akanitazama. Alikuwa anangoja sifa.

Niliivuta ile foronya kwa nguvu zangu zote, ikatoka kavu, naye akakojoa mguuni kwangu. Nikakaa kitandani na mguu wangu umelowa, nikacheka mpaka Chiriku akaamka.

"Huyu hakosei," nilimwambia. "Huyu anatii. Hebu niambie, ndugu zake kule kwa muuza miche wanakojoa wapi?"

Alifikiri. "Kwenye udongo. Wanafukua kidogo kwanza."

"Na huyu sisi tumemfundisha akojoe wapi?"

Alitazama foronya mkononi mwangu, akatazama rafu, kuanzia chini mpaka juu. "Kwenye pasi," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa Povu, harufu ile ya sabuni, na bluu, na joto la pasi, ndiyo ilikuwa choo. Kila tulipozidi kusafisha tulizidi kumwandikia ukutani kwamba ni hapa. Tulimlea kwa uaminifu wote, na yeye kwa uaminifu wote akatukojolea.

Asubuhi niliwaeleza wenzangu juu ya chai. Mkwe wangu aliweka kikombe chini, akaitazama mikono yake kwa muda, kisha akasema labda angezikunja ovyo kidogo ingesaidia. Mwanangu hakucheka. Aliniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka lile karai kuukuu lililotoboka, na udongo.

"Udongo," akasema.

"Udongo wa muuza miche. Alikozaliwa."

"Ndani ya nyumba ya dobi, mama."

"Uani. Chini ya upenu, usinyeshewe. Na foronya zile zote zitolewe zikawe za kusugulia madirisha."

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Akasema chembe moja ikivuka kizingiti, karai litakwenda, na mbwa nyuma yake. Akasema pia kwamba siku ya soko iko palepale. Hivyo ndivyo anavyosema ndiyo.

Muuza miche alilijaza karai mwenyewe, udongo mweusi wa pale mbwa wake anapolala, akaweka na majani makavu juu. Povu alipouona hakusubiri kuelezwa. Alifukua kidogo kwanza, kama alivyosema Chiriku, kisha akajisaidia kirefu, macho ameyafumba. Chiriku alimsifu mpaka vibarua wanaokuja mchana kutusaidia kufua wakaacha kazi kutazama.

Mchana ukawa mwepesi. Usiku ukabaki na komeo lake. Udongo uko nje, mbwa yuko ndani, na wa kulifungua ni mwanangu au mumewe. Nilimwambia Chiriku, "Akikuamsha, nenda kagonge kwa mama yako mdogo." Alinitazama kana kwamba nimemtuma kisimani gizani. Nikuamshe wewe, bibi, alinong'ona, wewe ndiye umwite. Nikamwambia masikio yangu usiku hulala kabla yangu.

Povu alipoanza kulia usiku ule, nilikuwa macho. Nilikoroma. Nimekoroma miaka mingi bila kukusudia, kwa hiyo kukoroma kwa makusudi hakunipi taabu. Chiriku alinitikisa kidogo, akaacha. Nikamsikia amekwenda mpaka mlango wa wakubwa, akasimama. Alisimama sana. Mwisho Povu akashindwa kungoja, yakaja maji kidogo sakafuni, hapo kizingitini. Akarudi, akachukua kitambaa, akapangusa mwenyewe, akapanda kitandani. Mimi nikaendelea kukoroma, lakini moyo wangu ulikuwa umekaa kitako. Hata hivyo hakikulowa kitu cha mteja. Kapu lilikuwa wazi, na mbwa hakulitazama.

Usiku wa pili alisimama tena penye mlango ule. Nilimsikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua ndoo. Kisha, kwa sauti yake ile ya zamani, ile iliyompa jina:

"Mama mdogo. Nifungulie, Povu amebanwa."

Kitanda cha wakubwa kililia. Mwanangu akatoka akipepesuka, kitambaa cha kichwa kimemfunika jicho moja. Komeo likagonga ukuta. Wakatoka wote watatu. Mvua ilikuwa imekatika, maji yanadondoka kutoka kwenye kamba tu. Nilisikia udongo unafukuliwa. Kisha nikasikia Chiriku anaeleza, maneno yanafuatana: kwamba akianza kuzunguka maana yake bado, akisimama maana yake sasa, na usimtazame usoni kwa sababu anaona haya. Na mwanangu anajibu, polepole, "Kumbe. Na mimi namtazamia nini basi?" Wakakaa huko muda mrefu kuliko mkojo wowote wa mbwa.

Tangu hapo aliyefungua alikuwa mwanangu. Mkwe wangu alijitolea, akaambiwa alale.

Siku ya soko ilipambazuka na jua. Bwana Mashuka alifika mapema, akaweka kofia yake juu ya kaunta, akaomba radhi kabla ya kunusa. Alinusa shuka la juu, la katikati, na la chini kabisa. Mwanangu alisimama amekunja mikono, wala hapumui. Bwana Mashuka akainua uso, akasema yananukia kama siku alipoyachukua kwetu kwa mara ya kwanza. Akayabeba begani, akasahau kofia, ikabidi mkwe wangu amkimbilie nayo.

Kabla hajafika kona, lori lilikuwa limesimama ng'ambo. Muuza miche akavuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akavua viatu mlangoni kama anavyojua desturi yetu. Akauliza kuhusu mbwa. Binamu yake anangoja, alisema, na ameshamwekea nafasi kati ya vyungu.

Chiriku alikuwa uani. Niliona kivuli chake kimesimama nyuma ya shuka lililoanikwa, hakitikisiki, na kivuli kingine kidogo miguuni pake. Hakikulowa kitu, ahadi ilikuwa upande wetu. Lakini lori lilikuwa linanguruma pale nje, na mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja haamini ahadi mpaka aione.

Mwanangu alikuwa anatazama sakafuni. Pale kizingitini, kwenye sakafu yake aliyoipiga deki alfajiri, palikuwa na nyayo ndogo za udongo, zimevuka, zimeingia, zimefika mpaka chini ya kaunta na kurudi zilikotoka. Nikashika ukingo wa kiti. Sheria yake nilikuwa naijua.

Akachukua kitambaa cha madirisha, kipande cha ile foronya, akainama, akazipangusa moja baada ya nyingine. Akakikung'uta kitambaa nje ya mlango. Kisha akamwambia muuza miche, "Mwambie binamu yako atafute mwingine. Na wewe niletee udongo mpya kesho. Huu wa kwenye karai umeshachoka."

Shuka la uani likasukumwa kando. Chiriku akatoka akikimbia, Povu nyuma yake, na kabla hajafika kwenye kaunta alikuwa amekwisha anza. Alitaka kujua udongo huo utachotwa upande gani, maana upande wa vyungu vikubwa una changarawe, na changarawe Povu haipendi. Na je, mama yake Povu bado analala palepale. Na yale majani makavu yasisahauliwe. Muuza miche alisimama na viatu mkononi, anaitikia, ndiyo, sawa, nimesikia. Lori likapiga honi, akawa hawezi kuondoka kwa sababu mtoto alikuwa hajamaliza.

Mimi nilichukua kapu la vibanio nikaenda zangu kuanua. Nilimsikia mpaka kamba ya mwisho.